Marahaba Kabla ya Shikamoo

Mpiga pasi aliingia kwa fundi redio akiwa ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, na fundi alipomwona tu akajua huyu hakuja kutazama. Wanaokuja kutazama huingia mikono mitupu na maneno mengi. Huyu alisalimia, akasimama mbele ya meza iliyojaa matumbo ya redio za watu, akasema anataka kile kidude cha kunasa sauti, cha kubeba mkononi, ambacho hata mtu asiyejua chochote anaweza kukitumia.

"Asiyejua chochote ni nani? Wewe?" fundi aliuliza.

"Mama yangu."

"Mama anataka kunasa nini? Kwaya?"

"Salamu."

Fundi alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akanyamaza. Alipanda kwenye stuli, akashusha kutoka rafu ya juu kinasa sauti cheusi, kipana kama nusu mkate, chenye mpini wa kushikia na vitundu vidogo upande mmoja vya kutolea sauti. Alikipuliza vumbi, akakipangusa kwa shati lake mwenyewe.

"Hiki, dada yangu, kinanasa hata mbu akipiga miayo. Tazama. Unabonyeza hiki chekundu na hiki cha pili, pamoja. Ukitaka kusikiliza, hiki cha pili peke yake. Lakini nisikilize vizuri: ukibonyeza chekundu wakati kuna sauti ya mtu ndani, umemfuta. Usije hapa kunililia. Mimi siwezi kumrudisha, na aliyekiunda hawezi."

"Na hiki kidogo cha pembeni?"

"Hicho cha kusimamisha. Mtu akikohoa, bonyeza. Akimaliza kukohoa, achia. Kaseti inatoka safi, utadhani mtu huyo hajapata kikohozi maisha yake yote."

Kati ya vitufe vyote, hicho ndicho kilichompendeza. Walivutana bei mpaka fundi akasema basi na duka achukue, kisha akampunguzia. Alimtilia betri mpya na kaseti mbili tupu, akajinasa akihesabu moja mbili, moja mbili ili mteja asikie kwamba mashine ni nzima. Mpiga pasi alitoka na boksi kwapani. Alikuwa amedunduliza muda mrefu kwa ajili ya boksi hilo, akipiga pasi nguo za majirani kila alipotoka kazini, na njia nzima alitembea polepole asije akajikwaa.

Kazi yake ilikuwa kwenye dobi moja nyuma ya hospitali. Makoti ya madaktari, mashuka, vitambaa vya meza vya hoteli, vyote vilipita mikononi mwake. Alisimama mbele ya meza ya pasi tangu asubuhi, bakuli la maji kulia, wanga kushoto, akinyunyiza kwa vidole, akianza na kola, kisha mabega, kisha mikono, na sehemu ya mbele mwisho kabisa. Hakuvumilia kuona kunyanzi. Hata alipokwenda kwa watu, maongezi yakiendelea, mkono wake ulikuwa unanyoosha kitambaa cha meza cha mwenye nyumba. Wenzake kazini walimtania kwamba ndiyo maana hajaolewa tena, kwa kuwa mwanamume mwenye makunyanzi usoni anaogopa kulala karibu naye. Alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu mwema, na nalisema hili mapema kwa sababu atakayoyafanya hayakutoka kwenye ubaya.

Alikaa na mama yake katika vyumba viwili. Mama alikuwa amepika kwenye shule ya bweni karibu maisha yake yote, akiita mamia ya watoto kwenye chakula kwa sauti ambayo haikuhitaji kengele. Sasa sauti ilikuwa bado ipo, pumzi ndiyo iliyopungua. Miguu ilivimba, ngazi mbili tu zilimkalisha chini. Daktari alimwita binti pembeni akamwambia moyo wa mama umechoka, wamtunze, wasimkasirishe, na kama kuna ndugu aliye mbali basi ajulishwe.

Ndugu aliye mbali alikuwepo mmoja, naye ndiye aliyekuwa ugonjwa wenyewe. Kitinda mimba wa nyumba ile, kijana aliyeendesha katapila kwenye barabara zilizokuwa zikijengwa nchi nyingine kabisa. Baba yao alipozikwa, kijana alisema ameitwa kazini huko. Mama akasema hatoki mtu humu, kaburi bado bichi. Walirushiana maneno mpaka majirani wakafunga madirisha. Mwisho kijana akasema, "Sawa, mama." Asubuhi yake dada mtu aliamka akakuta kitanda cha mdogo wake kitupu na mama ameshawasha jiko, anakoroga uji bila kusema lolote. Kijana alikuwa ameondoka bila kuaga.

Miaka ikapita. Barua zilikwenda, dada akiandika na mama akisema, na majibu yalikuja mafupi, makavu, ya mtu anayejaza karatasi. Mama alizichoka barua. Alisema maneno yake yakishapita kwenye kalamu ya binti yake yanatoka yamenyooka mno, hata yeye hayajui. Alichokitaka kilikuwa kimoja, na alikisema waziwazi kila maumivu ya kifua yalipomshika: mwanawe amwamkie kwa kinywa chake, aombe ruhusa kama mtoto aliyelelewa, naye ampe. "Mtoto aliyetoka bila ruhusa anatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani," alisema. "Na mimi siwezi kufa nikiwa nimekishika hicho kitu chake."

Ndipo kikanunuliwa kinasa sauti. Jirani yao mmoja alikuwa dereva wa lori, anavuka mpaka na mizigo, na kambi ya akina katapila ilikuwa njiani mwake. Kaseti angeipeleka yeye, mkono kwa mkono.

Jumapili alasiri mama alioga, akavaa gauni lake la kutokea, akajifunga kilemba.

"Mama, hakioni hicho. Kinasikia tu."

"Chenye masikio hakikosi macho. Nipe na ule mkufu."

Aliketi kwenye kiti chake, mikono magotini, mashine mbele yake juu ya meza. Binti akabonyeza vitufe viwili pamoja kama alivyofundishwa. Utepe ukaanza kuzunguka. Mama akatulia. Utepe ukazunguka. Mama ametulia tuli, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Mama, sema."

"Niseme nini, naye hajaniamkia?"

Binti alibonyeza kile kitufe kidogo cha pembeni. "Mama, hayupo hapa."

"Najua hayupo. Nina ugonjwa wa moyo, wazimu sina. Mimi ni mama yake, siwezi kumwanza salamu. Atanisikia huko aliko nimenyamaza, atajua nangoja, ataniamkia. Mimi nitaitika. Mpe nafasi mwenzio, unamharakisha nini?"

Basi ikawa hivyo. Mama alinyamaza, akasubiri kwa muda wa mtoto wake kuvuta pumzi na kusema shikamoo, kisha uso ukamchanua, akaitika, "Marahaba. Marahaba, mwanangu." Akauliza hali yake, akanyamaza asikilize. Akauliza kama anakula, akanyamaza. Akauliza nani anamfulia, kama bado anapatwa na yale mafua ya vumbi, kama ana mtu, na baada ya kila swali alinyamaza, akitikisa kichwa polepole kama anayesikia jibu, mara nyingine akisema "eeh" au "pole".

Na binti yake? Binti alikuwa na kidole juu ya kitufe cha pembeni. Kila mama aliponyamaza, alibonyeza. Kila mama alipofungua kinywa, aliachia. Alifanya kwa ustadi, bila kuchelewa hata mara moja. Kaseti ina mwisho wake, aliwaza, na betri zina mwisho wake, na ukimya si kitu cha kumsafirishia mtu nchi za watu. Aliondoa vikohozi, akaondoa mbwa wa jirani, akaondoa zile nafasi zote tupu. Alipomaliza aliridhika kama anapokunja shati la mwisho na kuliweka juu ya lundo.

Alitaka mama asikilize kabla haijafungwa. Mama alisikia maneno mawili tu akaziba masikio.

"Ni nani huyo mwanamke mwenye sauti ya chura?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi huyo? Zima. Zima, mpelekee tu, yeye anajua sauti yangu ilivyo."

Kaseti ikaenda na lori. Mama akaanza kungoja, na kungoja kukamtia nguvu. Alirudi kukaa nje vibarazani na majirani, akimwambia kila apitaye kwamba ameongea na mwanawe.

Jibu lilipokuja, dereva aliliweka mezani akakataa hata maji, akisema amechelewa kushusha mzigo. Mpiga pasi akaitia kaseti kwenye mashine. Mama akajisogeza karibu, akafungua mikono kama anayepokea mtoto mchanga.

Sauti ya kijana ilikuwa nzito kuliko walivyoikumbuka. Ilisema hivi:

"Mama, kaseti imefika. Nimesikia ulivyonianza na marahaba. Sawa. Siku ile sikukuamkia wala sikukuaga, ni kweli, na nimeona hujasahau. Na yale maswali uliyonifululizia, bila kuniachia hata pa kujibu moja, yamenikumbusha zamani uliponisimamisha jikoni kwa kosa. Nimeelewa, mama. Sitawasumbua tena. Dada, shikamoo."

Baada ya hapo ulisikika utepe mtupu.

Aliyelelewa katika lugha hii haelezwi, lakini nitasema. Mtoto akimpita mtu mzima bila kumwamkia, mtu mzima hamwiti wala hamgombezi. Humwambia tu, kwa sauti ya juu, "Marahaba!" Mtoto hunywea palepale, arudi kwa aibu kuitoa shikamoo aliyoimeza. Ni fimbo isiyo na mti. Na kijana yule, aliyeondoka bila kuaga, baada ya miaka yote ile alikuwa ameketi kwenye kibanda cha kambi na wenzake, amebonyeza kitufe kwa hamu ya kumsikia mama yake, na neno la kwanza kabisa lililomtokea lilikuwa hilo.

Mama hakuelewa. Aliitazama mashine, akamtazama binti yake.

"Mbona anasema sikumwachia? Si nilimsubiri? Wewe si ulikuwa hapa, ukaniona nikimsubiri?"

Mpiga pasi alikuwa ameshaelewa, tangu lile neno marahaba lilipotajwa. Angeweza kusema mashine ilikuwa mbovu, na mama angeamini, maana mashine hazina mtetezi. Hakusema hivyo. Alisema, "Mama, ni mimi. Ulipokuwa unanyamaza nilikuwa nasimamisha. Nilidhani naipunguza isiwe ndefu."

Mama alinyamaza. Safari hii hapakuwa na wa kumsimamisha.

"Wewe na pasi yako," alisema mwishowe.

Hakusema zaidi, na afadhali angesema. Binti alikwenda uani akalia, akimwaga maji ya kufulia ili majirani wadhani anafua. Alijiona amemnyang'anya mama yake mtu, tena kwa mikono misafi. Alipokwisha kunawa uso na kurudi ndani, alimkuta mama amejifunga kilemba.

"Washa hicho kidude. Na kidole chako kikae mbali."

Kwanza alisema yeye, dada mtu. Alimweleza mdogo wake yote, kwamba mama alingoja shikamoo yake na yeye ndiye aliyekata, kwamba kila swali lilikuwa na nafasi na yeye ndiye aliyeifuta. "Usimkasirikie mama. Nikasirikie mimi." Kisha akaondoka mezani kabisa, akasimama dirishani, mikono nyuma.

Mama akanyamaza, akangoja. Utepe ulikula kila kitu: pumzi yake inayokwama, mtu anayepepeta nje, mtoto wa jirani anayelilia kiatu. "Marahaba, mwanangu," akaitika. Maswali yalikuwa machache kuliko mwanzo, kwa kuwa kifua kilikuwa kimebana, na nafasi zilikuwa ndefu. Upande mzima uliisha kwa maneno ambayo yangeenea kwenye kiganja. Mpiga pasi, ambaye hakuwahi kuacha kitu kikiwa na makunyanzi, aliitia kaseti ile kwenye bahasha jinsi ilivyo.

Lori likaenda, na safari ile mvua ziliharibu njia. Mama akaacha kutoka nje. Kitanda chake kikawa ndicho kiti chake na meza yake. Kila injini ya gari kubwa ilipopita barabarani alifumbua macho, na binti akasema, "Si lenyewe, mama." Mpiga pasi aliomba ruhusa kazini akawa anaenda nusu siku. Aliunguza koti la daktari, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka likitokea tangu aanze kazi, na mwenye dobi, mwanamume mkali wa kutisha, alilitazama koti, akamtazama mwenyewe, akalikunja na kulitupa bila neno.

Dereva alipokuja na jibu ilikuwa adhuhuri, jua kali. Mama aliinuliwa, akawekewa mito mgongoni. Mashine ikawekwa juu ya shuka, karibu na mkono wake.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya mwanawe. Kisha ikanyamaza.

"Marahaba!" mama aliitika kwa kifua chote alichobakiwa nacho, ile sauti ya jikoni, hata mtu nje akageuka. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta.

Kijana alikuwa amejifunza. Kila alichosema alikiachia nafasi. Aliuliza kuhusu miguu yake, mama akajibu. Alisema anakula vizuri, mama akasema muongo huyo, nasikia kwenye sauti. Walikuwa wanaongea, na mpiga pasi aliyesimama pembeni na kikombe cha maji alisahau kwa muda kwamba mmoja wao hayupo. Kisha sauti ya kijana ikashuka.

"Mama, siku ile nilitoka bila kukuomba. Nakuomba leo. Nipe ruhusa yangu ya kuondoka, ndipo na mimi nipate moyo wa kurudi. Mkataba wangu unaisha, nataka kuja. Naomba ruhusa, mama."

Ukimya ulikuwa mrefu, utepe ukikwaruza. Na mama akaanza kumjibu.

Hapo ndipo mpiga pasi alipoona kinachotokea. Mashine ilikuwa inatoa sauti, haikuwa inanasa. Maneno aliyoyangoja mdogo wake miaka yote yalikuwa yanatoka sasa hivi kinywani mwa mama, na hakuna kilichokuwa kinayashika. Mkono ulimruka kwenda kwenye kitufe chekundu, ukasimama hewani. Chekundu kingefuta sauti ya kijana palepale, mbele ya mama anayemsikiliza. Akaurudisha mkono. Hakuwa na la kufanya ila kusikiliza, na alisikiliza kama hajawahi kusikiliza kitu. Mama alimgombeza kijana kidogo, akampa ruhusa yake, akamwombea heri, na mwisho akaongeza maneno mengine ambayo binti aliyachukua kuwa ya homa. Kisha mama akaegemea mito, ametulia, uso umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

"Mama, ngoja nigeuze kaseti, useme tena."

"Niseme tena nini? Nimeshamjibu. Si umesikia?"

"Mimi nimesikia, mama. Mashine haikusikia. Ikiwa inasema, haisikii."

"Mbona mimi nimemsikia yeye?"

Alimweleza kwa upole, mara ya kwanza na ya pili. Mama aliitikia kwa kichwa, na binti hakujua kama ameelewa au amechoka. "Kesho basi," mama alisema. "Leo nimeongea sana. Na ruhusa haitolewi mara mbili kama dawa."

Kesho yake mama alikata kauli. Macho yalikuwa wazi, mkono ulijibu ukiushika, maneno hayakutoka tena. Binti aliweka mashine pale kitandani ikinasa kwenye kaseti mpya, ikaisha akaigeuza, ikaisha tena, na ilichonasa ni pumzi. Siku zilizofuata zilikuwa chache. Alifariki mchana, binti akimpangusa miguu.

Simu ya maandishi ilipelekwa kambini. Kijana alifika matanga yameshaanuliwa, viti vya kuazima vimeshaondoka, nyumba imebaki na sauti yake ya kila siku. Dada yake alimkuta amesimama uani na begi begani, mwanamume mpana mwenye mvi za kwanza, hajui aingie au asiingie. Walishikana wakalia. Akaonyeshwa kaburi. Walipotoka huko aliketi kwenye kitanda cha mama, mahali palepale, na swali lake likawa moja.

"Kaseti yangu ilimfikia?"

"Ilimfikia."

"Alinijibu?"

"Alikujibu. Alikupa ruhusa."

Kijana aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu afike alionekana kama yule aliyekuwa akigombea sufuria la ukoko. "Niwekee nisikie."

"Haimo," dada alisema. "Alikujibu kaseti yako ikiwa inasema. Sikuweza kunasa. Nilimwomba arudie, akasema kesho, na kesho yake akakata kauli."

Alimtazama dada yake kwa muda mrefu, na ule mwanga ukamtoka usoni kidogo kidogo.

"Dada," alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali, "ile ya kwanza uliinyoosha wewe, kwa nia njema. Sasa nitajuaje kwamba na hii huninyooshei? Umeona nimekuja nimechelewa, umenionea huruma. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Hukunikosea. Lakini usiniambie alinipa kama hakunipa."

Mpiga pasi hakukasirika. Angemlaumu kwa lipi? Alijiona yuko tena mbele ya ile mashine na kidole juu ya kitufe, na safari hii hakukuwa na lori la kurekebisha. Asipoaminiwa leo, mdogo wake angeishi na kuzeeka bila kukipata kile alichokiacha katika nyumba hii, na mama angekuwa amekitoa bure. Hapakuwa na shahidi mwingine. Alikuwa yeye tu, na masikio yake.

"Nitakwambia kama alivyosema," alisema. "Yote. Na yasiyofaa."

Alifumba macho. Alikuwa ameyarudia maneno yale moyoni kila siku akiwa mbele ya pasi, asije akayapoteza. Alipofungua kinywa, sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza na ya amri, si yake, na hakujua kwamba alikuwa nayo.

"'Ruhusa gani unaomba leo, na safari umeshakwenda? Mkaidi wewe. Ulinifanya nikoroge uji wa watu watatu, tukaunywa wawili. Haya. Nimekuruhusu. Nenda na uzima, urudi na uzima, na chuki nawe sina, sikuwahi kuwa nayo.'"

Akanyamaza. Yalibaki yale ya mwisho, ya homa, yasiyo na mbele wala nyuma. Ulimi ulitaka kuyaacha. Jibu lilikuwa zuri linapoishia hapo, limekaa vizuri, na yaliyobaki yangemwonyesha kijana kwamba mama alikuwa anaweweseka na pengine hata ile ruhusa ilikuwa ya kuweweseka. Akayasema.

"'Na mlango urudishie, mwanangu. Baridi inaniingia miguuni.'"

Alifumbua macho, akaongeza haraka kwa sauti yake ya kawaida, "Huo mwisho ulikuwa wa homa. Mlango ulikuwa umefungwa, tena ilikuwa adhuhuri, jua linawaka. Lakini umesema nisinyooshe, ndiyo maana nimeusema."

Kijana alikuwa ameugeukia mlango, macho yamekwama kwenye bawaba zake. Dada yake akainuka, akidhani ameshikwa na kizunguzungu.

"Mlango huu ulikuwa unalia," alisema.

"Ulikuwa unalia, ndiyo. Nikautia mafuta baadaye."

"Siku ile sikuurudishia. Niliogopa utalia, mama ataamka. Nikauacha wazi vilevile, nikaenda. Sijamwambia mtu hilo, dada. Sijamwambia mtu yeyote."

Alipeleka mkono kwenye shuka, upande ule ambao miguu ya mama ilikuwa ikilala, hatua chache tu kutoka mlangoni, akaanza kulia kwa sauti, bila kujificha, mtu mzima mwenye mvi.

"Alikuwa macho," alisema. "Alinisikia nikitoka, akaniacha niende."